Siku Waliyomnyamazia Verlin

Watu wa Haskett watakwambia mume wangu alikufa kifo cha heshima, na jina lake wameliandika kwenye ubao mkubwa pale langoni mwa uwanja. Waache waandike. Mimi nilikuwepo, na macho yangu mawili na akili zangu timamu, na ninachojua ni kwamba Verlin aliuawa na watu waliofunga midomo. Tena watu waliompenda, ndiyo maana mpaka leo sijui niwachukie vipi.

Besiboli yenyewe ukiitazama ni mchezo wa watu wasio na haraka. Mmoja anasimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, huyo ndiye mrushaji. Mpigaji wa upande wa pili anamngoja na gongo. Akiupiga mpira ukaenda pasipo na mtu, anakimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na akifanikiwa kurudi alikoanzia upande wake umepata pointi. Akiukosa mara tatu, ametoka. Mpira wake ukidakwa kabla haujagusa ardhi, ametoka pia. Wakitoka watatu mnabadilishana, zamu tisa hivyo hivyo, jua linawaka na watu wanatafuna karanga. Kwetu Nebraska mtoto anayajua hayo kabla hajajua sala ya kulalia, na kijana asiyeyajua hapewi binti wa mtu.

Lakini kuna jambo moja ambalo mgeni haambiwi. Ikitokea mrushaji amekwenda vizuri kupita kiasi, zamu ya tano imepita, ya sita imepita, na hakuna mpigaji aliyepata kwake hata pigo moja la kumfikisha kituoni, basi wenzake wanaacha kusema naye. Ndiyo, wanaacha! Jambo lenyewe halitajwi. Akikaa benchi wanasogea mbali naye kama mwenye tetekuwanga. Hawamtazami. Anayemsemesha amemtia nuksi, na wapinzani wakipata pigo, lawama ni zake mpaka anaingia kaburini. Na hawa ni watu wazima, wana mashamba na matrekta, Jumapili ndio wanaopitisha sahani ya sadaka kanisani.

Ilikuwa Siku ya Uhuru wa Marekani, tarehe nne Julai, mwaka 1953, na tulicheza na Garlow. Garlow ni mji wa jirani, ng'ambo ya mto, na tangu vita viishe hatukuwa tumewashinda hata mara moja. Asubuhi bendi ya shule ilipiga, bendera ikapandishwa, waliorudi kutoka vitani wakapita na medali zao, kisha mji mzima ukahamia uwanjani na vikapu vya kuku wa kukaanga na kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu katikati. Joto lilikuwa la kukausha mate.

Verlin alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, jamani, mengi. Aliongea na ng'ombe, aliongea na injini ya gari ikikataa kuwaka, aliongea usingizini. Mimi nimelelewa na baba aliyekula chakula cha jioni bila kusema neno, na nilimpenda Verlin kwa mdomo wake kabla sijampenda kwa kitu kingine. Hata akiwa pale kichuguuni alikuwa anamwongelesha mpigaji, anamtania, anamwulizia mama yake.

Zamu ya nne, mpigaji mmoja wa Garlow, jitu la shingo nene, aliupata mpira sawasawa, ukarudi moja kwa moja ulikotoka. Verlin hakuwahi hata kuinua glavu. Ulimpiga juu ya sikio la kulia, ko! Tuliusikia mpaka kule juu tulikokaa. Ukaruka hewani, na Dewey Marek, rafiki yake aliyekuwa analinda nyuma yake, akakimbia akaudaka kabla haujafika chini. Mpigaji ametoka! Mume wangu amelala kifudifudi kwenye udongo, na watu wanamshangilia Dewey.

Aliinuka mwenyewe. Akavua kofia, akawainamia watazamaji kama mtu wa sarakasi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Orrin Stedry, kinyozi wetu, ndiye aliyekuwa kocha. Alimfuata pale kichuguuni akamwuliza kama yuko sawa.

"Mimi niko sawa," Verlin akamjibu, "ila wewe uko wawili, na wote sura mbaya."

Orrin akacheka akarudi zake benchi. Aliniambia hayo mwenyewe siku ya mazishi, akiwa bado anadhani ulikuwa mzaha.

Nilikuwa nimekaa na mama mkwe wangu, Ludmila, mwanamke wa kifua kipana na rozari mfukoni. Nyuma yetu alikaa Daktari Amundson na mfuko wake wa karanga. Zamu ya tano Verlin alirusha vizuri. Ya sita pia, lakini ilipokwisha, alishuka kichuguuni akaanza kutembea kuelekea benchi la Garlow. Benchi la Garlow! Mtu aliyecheza katika uwanja ule tangu utotoni. Watu wakaangua kicheko. Mwamuzi akamshika bega akamgeuza.

"Mama," nikamwambia Ludmila, "Verlin hayuko sawa."

"Anafanya mzaha. Humjui mwanangu?"

"Tazama mkono wake wa kushoto. Glavu inaning'inia kama tambara."

"Shii!" Akanifinya paja, tena kwa kucha. "Usimtaje. Zamu ya sita imepita."

"Imepita, kwani nini?"

Akaniangalia kama niliyetukana altare. Ndipo nikautazama ubao wa matokeo, nikaona. Sisi tuna pointi tatu. Garlow hawana pointi, hawana pigo hata moja. Nikatazama benchi letu: Verlin amekaa peke yake upande mmoja, na wanaume wote wamebanana upande mwingine, wamempa mabega.

Nikageuka kwa daktari. "Ule mpira ulimpiga kichwani, daktari. Uliona."

"Niliona. Akasimama vizuri."

"Sasa hivi ametaka kukaa na Garlow! Shuka ukamtazame."

Daktari akaacha kutafuna. Nilimwona anafikiri, naapa, nilimwona. Kisha akatikisa kichwa. "Binti yangu, mimi nishuke pale leo nimshike kichwa? Watu hawa watanichoma moto pamoja na begi langu. Zimebaki zamu tatu tu. Mchezo ukiisha nitamwona wa kwanza."

Katikati ya zamu ya saba watu wote husimama wakajinyoosha viungo, ndiyo desturi. Walipokuwa wanajinyoosha nikapenya nikashuka mpaka kwenye wavu nyuma ya benchi letu. Nikamwona kwa karibu. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna hata tone la jasho, kwenye joto lile. Jicho la kulia limefumba nusu. Alikuwa anaitazama mikono yake. Kisha akamgeukia Dewey, midomo yake ikacheza, akasema kitu. Dewey akaangalia viatu vyake, akasimama, akaenda kuchagua gongo.

"Orrin," nikaita kwa sauti ya chini. "Mtoe Verlin."

Orrin alikuja mbio akashika wavu kwa vidole. "Opal, nakuomba, rudi ukakae."

"Anaumwa. Mtazame macho."

"Nani amtazame? Leo hatumtazami."

"Basi mwulize tu. Neno moja. Mwulize leo ni siku gani."

"Mama wee, unataka kuniua?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga, kinyozi mzima. "Hapa Haskett hakuna aliyewahi kulipata hili. Si baba zetu, si babu zetu. Niachie zamu mbili, Opal. Zamu mbili! Baada ya hapo nitamsemesha mpaka yeye mwenyewe aniambie ninyamaze."

Nikaona huyu naye hamna kitu. Nikajaza kifua. "Verlin! Verlin, njoo hapa!"

Lo! Uwanja mzima uliniangukia. Walizomea, walipiga miguu kwenye mbao, mwanamke mmoja alinirushia ganda la tikiti. Verlin aliinua kichwa, akatazama upande wa pili, kule kwenye ubao wa matokeo, akatafuta aliyemwita, hakumwona. Ndugu wawili wa shamba la Skala wakanishika mikono huku na huku wakaninyanyua. Nilimng'ata mmoja kidole mpaka mfupa. Kovu analo, na tukikutana dukani ananiamkia kwa adabu.

Walinirudisha kwenye kiti changu, na Ludmila akanishika kiganja cha mkono, hakukiachia tena. "Kaa, mwanangu," akaniambia, sasa kwa upole. "Kesho utamwonea fahari."

Nikaelewa kwamba hakuna mtu wa Haskett atakayenisaidia. Nikaanza kuwaombea Garlow. Pigo moja, Mungu wangu, moja tu, hata la kijinga. Likipatikana tu ule uchawi umekwisha, Orrin atapanda kichuguuni, atamtazama Verlin usoni kama watu wanavyotazamana, ataona nilichokiona mimi, atamtoa. Nilikuwa mtu pekee upande ule wa uwanja ninayeomba tushindwe, na niliomba kwa moyo wote.

Zamu ya nane mpira wa Verlin ulikuwa hauna nguvu. Ulikwenda taratibu, unapindapinda, kama uliorushwa na mgonjwa kutoka kitandani. Na hilo ndilo lililowamaliza Garlow! Walikuwa wamejiandaa kwa mpira wa kasi, wanapunga gongo kabla haujafika. Wengine waliugusa chini, ukabingirika, Dewey na wenzake wakauokota wakiruka kama panzi. Wawili walipewa kituo cha bure kwa sababu Verlin alirusha nje kabisa, lakini kituo cha bure si pigo, hakihesabiki. Watu wakapumua.

Mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma, alikuwa Leland, mdogo wake Verlin. Alipomrudishia mpira, Verlin hakuudaka. Ulimpita kando ya glavu. Leland akaufuata mwenyewe, akapanda nao kichuguuni, akamwekea mkononi akiangalia pembeni. Nikaona midomo ya Verlin inacheza tena. Aliongea kwa muda, akamshika Leland kifuani, kwenye ule mto wa kinga. Leland akaweka kidole mdomoni, shii, akarudi kuchuchumaa.

"Anamwambia nini?" nikamwuliza Ludmila.

"Usitazame," akasema, naye mwenyewe amefumba macho, anahesabu rozari.

Zamu ya tisa. Tukahitaji kuwatoa watatu, na uwanja mzima umesimama, hakuna hata mtoto anayelia. Mpigaji wa kwanza wa Garlow alikuwa kijana mwembamba mwenye akili. Aliona hali ya Verlin, najua aliona, kwa sababu alilishika gongo kwa mikono miwili iliyoachana na kulilaza, ili augonge mpira kidogo tu uanguke hapo mbele, Verlin ashindwe kuufuata, na yeye akimbie. Ndiyo! nikasema moyoni. Fanya hivyo, mwanangu, fanya! Lakini kuharibu jambo kama lile kwa kugonga kidogo ni aibu kubwa kuliko kushindwa. Watu wake mwenyewe wa Garlow wakaanza kumzomea. "Piga kama mwanamume!" Kocha wao akampigia kelele. Kijana akaona haya, akalinyanyua gongo, akapunga mara tatu hewani. Ametoka.

Wa pili alikuwa lile jitu la shingo nene.

"Piga!" nikapiga kelele. "Piga, wewe mbwa, piga!"

Ludmila akanizaba kofi la mdomo. Nikaendelea. "Piga umalize!" Na akapiga kweli, jamani. Mpira ulikwenda juu, ukaenda mbali, mbali kabisa, mpaka kwenye uzio wa mwisho, na mimi nikainuka nikaanza kushangilia peke yangu kati ya watu wangu. Mlinzi wetu wa nyuma, mzee wa miaka arobaini na goti bovu, alikimbia siku hiyo kama aliyekopeshwa miguu. Akajitupa kwenye uzio, akaanguka nao, akainua glavu. Mpira ulikuwa ndani.

Nikakaa chini. Wa tatu sikumtazama. Nilimtazama Verlin tu, namna alivyokuwa anarusha kisha anabaki ameinama, anasubiri kitu, halafu anakumbuka kusimama. Nikasikia mwamuzi akiita kosa la tatu. Kisha nikasikia mlio ambao sijausikia tena tangu hapo, sauti za watu wote wa Haskett kwa mpigo mmoja.

Sasa ndio wakasema! Walimwagika uwanjani wakimwita jina lake, Verlin, Verlin, kila mmoja anataka kumwambia kitu masikioni, Orrin analia na kumbusu shingo, Dewey na mwenzake wakamnyanyua mabegani. Mchana kutwa hawakuwa na neno kwa ajili yake, na sasa wanamshindilia yote kwa pamoja. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka nyuma. Walimzungusha hivyo mpaka kituo cha kwanza, wakadhani amelegea kwa furaha, mpaka alipotapika na kumchafua Dewey shati zima.

Nilifika nikipiga watu mateke. Walikuwa wamemlaza kwenye majani. Daktari alikuja na begi lake, akamfunua kope la kulia, na nikaona mboni imetanuka imekuwa nyeusi yote. Daktari akawa mweupe. "Gari langu," akasema. "Leteni gari langu!" Watu wakaanza kunyamaza, kutoka waliokuwa karibu hadi waliokuwa mbali.

Nilikipakata kichwa chake mapajani. Leland alikuwa amesimama juu yetu, barakoa mkononi, bado ana tabasamu ambalo hajui alipeleke wapi. Verlin akafungua jicho moja akanitafuta.

"Opal."

"Nipo hapa. Nipo, mpenzi wangu."

"Nimewakosea nini?" Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilisikia kila neno. "Hawa wote. Nimewakosea nini?"

"Hujamkosea mtu, Verlin. Umeshinda. Hawakupata hata pigo moja."

Hakunielewa. Hakujua kuna pigo wala kushinda. Ule mpira wa zamu ya nne ulikuwa umemfutia kila kitu, alikuwa anarusha tu kwa sababu mkono ulijua kurusha. "Hawataki kusema na mimi," akasema. "Nimemwomba Dewey maji, akaondoka. Nimemwambia Leland kichwa kinapasuka, nimemwambia, Leland nipeleke nyumbani. Akaninyamazisha." Akaanza kulia, mtu yule ambaye sikuwahi kuona chozi lake. "Waambie wanisamehe, Opal. Chochote nilichofanya, waambie wanisamehe."

Barakoa ilianguka kutoka mkononi mwa Leland.

Hospitali iko mwendo wa saa nzima. Daktari aliendesha, mimi nilikaa nyuma na kichwa cha Verlin mapajani, na Leland alipiga magoti kwenye kiti cha mbele akatugeukia. Alianza kusema kabla gari halijatoka uwanjani. "Kaka, mimi hapa, Leland. Sikukasirika, kaka. Nani akukasirikie wewe? Maji haya hapa, kunywa maji. Tunakwenda nyumbani, si ulisema twende nyumbani? Tunakwenda." Alisema tulipovuka daraja, alisema kati ya mahindi ya watu, hakupumzika hata kumeza mate. Alimsimulia mambo ya utotoni, alimwita majina ya utani ambayo sikuwahi kuyasikia.

Kabla hatujafika hospitalini daktari alisimamisha gari kando ya barabara. Akaja nyuma, akamshika Verlin shingoni, akatafuta mapigo ya moyo. Kisha akamshika Leland bega. "Basi, mwanangu," akasema. "Hakusikii tena."

Leland aliutoa ule mkono begani. Akajinyoosha juu ya kiti, akagusa zile nywele juu ya sikio la kulia taratibu kabisa.

"Kinauma wapi, kaka?" akasema. "Hapa? Niambie. Ni hapa?"